Penye Urembo Ndipo Penye Urimbo

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Methali hii tunawafunza watoto wetu tangu wakiwa wadogo, nao huiandika vizuri katika insha zao. Ajabu ni kwamba tunapoketi mbele ya mtu aliyevaa koti jeupe, sisi wakubwa ndio wa kwanza kuisahau. Nimelazimika kuitafakari upya methali hii kutokana na jambo lililotufika nyumbani kwetu Kosele, Kaunti ya Homa Bay, wakati wa likizo ya Desemba iliyopita. Mwenyewe ameniruhusu nilisimulie, mradi nisimtaje jina.

Kosele ni kituo kidogo cha biashara, si mbali na mji wa Oyugis. Mtu akirejea huko na shahada ya uzamifu, majirani humwita Daktari, na mwenye kikohozi humletea kikohozi chake. Nimechoka kueleza kwamba udaktari wangu ni wa isimu, kwamba mimi ni mtu wa sauti na sentensi, na kwamba sijui hata kupima homa. Kwa hiyo wifi yangu alipoingia jikoni kwa mama jioni moja, ameficha bahasha ya kaki chini ya leso, nilidhani analeta matokeo ya maabara.

"Wifi," akaniambia, "leo sikuletei ugonjwa. Nimekuletea maneno. Nifasirie karatasi hii kabla sijatia sahihi."

Wifi yangu ni Mgusii. Kaka yangu alimwoa kutoka upande wa Kisii, na tangu siku ya kwanza mimi naye tumezungumza Kiswahili. Ni mwalimu wa shule ya msingi. Kiingereza anakijua, kwani ndicho anachofundisha Gredi ya Sita. Hata hivyo, kurasa tatu zilizokuwa ndani ya bahasha ile zilikuwa zimemshinda. Ilikuwa fomu ya idhini kutoka kliniki moja ya urembo jijini Nairobi, ya upasuaji wa kukaza tumbo pamoja na kufyonza mafuta. Alikuwa amekwisha kuomba mkopo katika chama cha ushirika cha walimu, na arubuni alikuwa ameituma. Kaka yangu alikuwa hajui lolote.

Msomaji asifanye haraka kumcheka. Wifi amezaa mara tatu, na mara ya mwisho alijifungua pacha. Muhula uliopita mwanafunzi wake mmoja alimwuliza, kwa heshima na nia njema kabisa, mtoto atazaliwa lini. Pacha wale walikuwa wametimiza miaka minne. "Nimefunga mkaja," akaniambia, "nimeacha sukari, nimekimbia barabara ya Oyugis alfajiri mpaka mbwa wakanizoea. Tumbo ni lile lile."

Sayansi inamuunga mkono. Mbele ya tumbo kuna misuli miwili mirefu inayoteremka sambamba kutoka mbavuni hadi kinenani. Mimba inapokua, hasa ikiwa ya pacha, misuli hiyo husukumwa kando, na utando unaoiunganisha hutanuka. Kwa wanawake wengi hurudiana baada ya kujifungua. Kwa wengine hubaki imeachana. Ngozi nayo ikitanuka kupita kiasi hupoteza mnyumbuko wake, wala hakuna mbio zitakazoirudisha. Kwa hiyo wale wanaomwona kila mwanamke mwenye tumbo kuwa ni mvivu au mlafi wanasema wasilolijua.

Upasuaji wenyewe si jambo la jana. Mnamo 1899 daktari Howard Kelly wa Baltimore, Marekani, alieleza jinsi alivyokata ngozi na mafuta yaliyoning'inia tumboni. Ufyonzaji wa mafuta ulikuja baadaye, katika miaka ya 1970, kupitia kazi ya madaktari kama vile Giorgio Fischer wa Italia na Yves-Gérard Illouz wa Ufaransa. Hizi ni kazi mbili tofauti ingawa matangazo huzichanganya. Katika kufyonza, mrija mwembamba wa chuma hupenyezwa chini ya ngozi kupitia tundu dogo, na mafuta yakavutwa. Katika kukaza, mpasuaji hukata chini ya kitovu kutoka nyonga moja hadi nyingine, akaifunua ngozi hadi karibu na mbavu, akaishona misuli iliyoachana, akaondoa ngozi iliyozidi, kisha akakitobolea kitovu mahali papya. Mgonjwa huwa amelazwa usingizi wa dawa kwa saa kadhaa.

Nilianza kufasiri. Fomu ilikuwa imejaa istilahi zenye asili ya Kigiriki na Kilatini, zimepangwa kama majina ya wageni wa heshima: seroma, hematoma, nekrosisi, embolizimu. Neno zito likivaa vazi la kigeni halimtishi mtu. Nikachukua kalamu, nikayatafutia mavazi ya nyumbani. La kwanza nililiandika: kujaa majimaji chini ya ngozi. La pili: damu kuvilia ndani ya jeraha. La tatu: kufa kwa ngozi. La nne: bonge la damu linalosafiri na kuziba mshipa wa mapafu. Palikuwa na jingine lililosemwa kwa Kiingereza cha kiungwana sana, nalo nikaliandika: kufumuka kwa mshono.

Wifi, ambaye huongeza kipato kwa cherehani wakati wa likizo, alinyamaza. Kisha akauliza, "Kufumuka kama gunia?"

"Kama gunia," nikamjibu.

Kiswahili hakikukosa neno hata moja siku ile. Tunaambiwa mara kwa mara kwamba lugha zetu ni changa, haziwezi kubeba sayansi. Ukweli ni kwamba zinaibeba vyema mno, na pengine ndiyo sababu baadhi ya watu hawapendi tuzitumie.

Maadamu mimi si tabibu, niliahidi kutafuta takwimu nikirudi chuoni, nami nilitimiza. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi uliohusu wagonjwa 25,478 waliokazwa tumbo na wapasuaji waliofuzu na kusajiliwa rasmi. Kati yao, 1,012 walipatwa na matatizo makubwa, yaani takriban watu 4 kwa kila 100. Kiwango cha upasuaji mwingine wa urembo kilikuwa 1.4 kwa kila 100. Waliounganishiwa kukaza tumbo, kufyonza mafuta na kurekebisha sehemu nyingine ya mwili kwa siku moja, kiwango chao kilipanda hadi 10.4. Hapo yamehesabiwa matatizo makubwa peke yake, yale yaliyomrudisha mgonjwa hospitalini au chumba cha upasuaji katika siku 30 za kwanza. Majimaji yaliyotolewa kwa sindano kliniki, ganzi ya ngozi inayodumu kwa miezi, na kovu lililovimba havimo.

Kovu lastahili kutajwa peke yake. Alama ya upasuaji huu ni ndefu, hufichwa chini ya nguo ya ndani, lakini haifutiki. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi, hatari ya kovu kuvimba na kuenea ni kubwa zaidi. Aidha, anayevuta sigara hukabiliwa zaidi na kufa kwa ngozi, na ndiyo maana wapasuaji makini humtaka aache wiki kadhaa kabla na baada. Mwenye kisukari hupona polepole. Na sisi tunaoishi kandokando ya Ziwa Victoria tunafahamu jinsi ugonjwa wa seli mundu ulivyoenea kwetu; mwenye ugonjwa huo hawezi kutiwa usingizi wa dawa kama mtu mwingine, sharti aandaliwe kwa uangalifu mkubwa. Fomu ya Nairobi haikuuliza habari hiyo.

Tatizo linaloogopwa kuliko yote ni lile bonge la damu. Mtu akilala kwa saa nyingi mezani, kisha akakaa siku kadhaa bila kutembea, damu yaweza kuganda katika mishipa ya mguu. Bonge likichomoka husafiri hadi mapafuni. Dalili zake ni mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana, pumzi kukatika. Hapo hapana cha kungoja kesho.

Mifano haiko mbali. Tarehe 23 Oktoba 2005, Stella Obasanjo, mke wa Rais wa Nigeria wa wakati huo, alifariki nchini Hispania baada ya upasuaji wa urembo. Mwaka 2009 mahakama ya huko ilimtia hatiani daktari aliyemhudumia kwa kusababisha kifo kwa uzembe. Tarehe 10 Novemba 2007 alifariki Donda West, mama wa mwanamuziki Kanye West, akiwa na umri wa miaka 58, siku moja baada ya kufyonzwa mafuta na kupunguzwa matiti. Huyu alikuwa profesa wa Kiingereza, aliyewahi kuongoza idara katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Chicago. Uchunguzi ulionyesha kwamba alikuwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mwaka 2009 jimbo la California lilipitisha sheria yenye jina lake, inayotaka mtu apimwe na kuthibitishwa kitabibu kabla ya kufanyiwa upasuaji wa urembo. Na hapa kwetu, Oktoba 2024, mama mmoja aliaga dunia jijini Nairobi siku chache baada ya kufyonzwa mafuta katika kliniki ya urembo, kisa kilichotikisa nchi nzima na kulifanya Baraza la Madaktari liifunge kliniki hiyo.

Mmoja alikuwa mke wa rais, mwingine profesa. Si fedha wala elimu iliyowakinga.

Hata hivyo, sitaki makala haya yasomwe kuwa ni mahubiri dhidi ya kisu. Itakuwa si haki. Ninaye mwenzangu katika kitivo chetu aliyekazwa tumbo miaka kadhaa iliyopita. Alijiandaa kwa muda wa nusu mwaka, akapunguza uzito kwanza, akapimwa moyo na damu, akapasuliwa katika hospitali yenye chumba cha wagonjwa mahututi, akapumzika wiki sita bila kubeba hata mkoba wa vitabu. Leo hii maumivu yake ya mgongo yamepungua na hajutii. Wala si yeye peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu wanawake 214 nchini Australia uliona kuwa maumivu ya mgongo na tatizo la kushindwa kuzuia mkojo, ambayo huwasumbua wengi baada ya kuzaa, yalipungua sana miezi sita baada ya misuli kushonwa. Kwa mwanamke wa namna hiyo, kuuita upasuaji huu anasa ni ukatili.

Lakini pia ipo ahadi ya uongo inayouzwa pamoja nao, nayo ni kwamba ukifyonzwa mafuta utapata afya. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya wanawake 15 wanene waliofyonzwa takriban kilo 10 za mafuta ya tumbo kila mmoja. Wiki 10 hadi 12 baadaye, shinikizo la damu, mafuta yaliyomo katika damu na namna mwili unavyoitumia insulini havikuwa vimebadilika kwa kiasi cha maana. Sababu ni kwamba mrija hufyonza mafuta yaliyo chini ya ngozi, ilhali yaletayo maradhi zaidi hukaa ndani, kati ya matumbo na maini. Nguo itakaa vizuri zaidi, lakini kisukari kitabaki pale pale.

Sasa narudi kwenye taaluma yangu. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inaagiza kwamba mgonjwa aelezwe hali yake, faida, hatari na gharama za tiba anayopendekezewa, na kwamba kila inapowezekana aelezwe kwa lugha anayoielewa, kwa kuzingatia kiwango chake cha kisomo. Katiba ya mwaka 2010 nayo imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Iweje basi mwalimu, mtu aliyesomea kazi ya kufafanua, aletewe karatasi asiyoweza kuielewa, kisha aambiwe ameridhia? Idhini isiyoeleweka si idhini. Ni sahihi tu, kama ya mtu aliyetia dole gumba kwenye hati ya shamba asiyoweza kuisoma.

Linganisha fomu hiyo na tangazo lililomvuta wifi. Tangazo lilikuwa la Kiswahili fasaha na kitamu: rudisha umbo lako, zawadi kwa mama, kazi ndogo, nyumbani siku hiyo hiyo. Neno kisu halikuwamo, wala damu, wala mshono. Ndiyo kusema kwamba wanapotaka fedha zetu huzungumza nasi kwa lugha tunayoielewa. Wanapotakiwa kutaja hatari huhamia katika lugha ya maabara. Huu si udhaifu wa lugha. Ni uchaguzi.

Tena nilimkumbusha wifi jambo ambalo sisi wa lugha hatupaswi kulisahau. Katika desturi za Waswahili, mkaja ni nguo anayojifunga mwanamke tumboni baada ya kujifungua. Neno hilo hilo ni jina la zawadi anayotolewa mama wa bibi arusi wakati wa posa: analipwa heshima ya tumbo lililobeba. Katika Kidholuo, mwanamke aliyetunga mimba husemwa kuwa ameshika tumbo, mako ich. Nasi sote tunajua ukubwa wa udugu wa tumbo moja. Lugha zetu hazikuwahi kuliona tumbo la mzazi kuwa ni kosa linalohitaji kusahihishwa. Aibu hiyo tumeipokea karibuni, kutoka kwenye picha, na kutoka kwa waume wanaotazama picha.

Wifi alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanijibu neno lililonikata maini: "Hayo ni mazuri, wifi. Lakini wewe huvai tumbo hili mbele ya watoto arobaini." Alikuwa na haki. Methali haimfariji mtu aliyechekwa. Kwa hiyo tuliacha kubishana kuhusu urembo, tukaandika maswali.

Yalikuwa matano. Nani atakayenipasua, na je, amesajiliwa na Baraza la Madaktari kuwa mtaalamu wa upasuaji wa aina hii? Nani atakayenitia usingizi wa dawa, na atakaa nami hadi niamke? Nikikosa pumzi au nikipungukiwa na damu, chumba cha wagonjwa mahututi kiko wapi? Nikirudi Kosele, na mshono ukafumuka usiku wa manane, nani atautazama? Na mambo yakiharibika, nani atalipa?

Asubuhi alipiga simu, mimi nikiwa kando yake. Sauti ya upande wa pili ilikuwa tamu. Ilimwita mama, ikamwambia asijali, ni kazi ndogo. Kwa swali la kwanza ilisema daktari wao ni mzoefu. Kwa la tatu ilisema hawajawahi kupata shida. La nne halikujibiwa. Mwishowe ikasema kwamba akimaliza kulipa kabla ya mwezi kwisha atapunguziwa bei. Wifi alishukuru kwa adabu, akakata simu, akakaa kimya kwa muda mrefu.

Jioni ile alimweleza mumewe. Kaka yangu, ambaye nilidhani angefoka, aliuliza tu kwa nini alificha, kisha akajitolea kumsindikiza hospitali ya umma kwa uchunguzi. Huko waligundua kwamba shinikizo lake la damu lilikuwa juu, naye hakuwa na habari. Daktari aliyemwona alizungumza naye kwa Kiswahili. Alimweleza kwamba misuli yake kweli imeachana, akampa dawa ya shinikizo na mazoezi maalumu ya kuikaza polepole, akamwambia kwamba upasuaji haukukatazwa, ila wakati wake haujafika. Alimtaka arudi baada ya miezi sita, waamue pamoja.

Wifi bado hajakata shauri. Arubuni haijarudishwa. Fomu ile imo katika bahasha yake, mahali pa sahihi pakiwa patupu, na pamoja nayo imo tafsiri yangu, ambayo nasikia imekwisha kupita mikononi mwa walimu kadhaa wa eneo hilo.

Hilo ndilo lililonisukuma kuandika. Walimu wenzangu wa Kiswahili, tunawapa wanafunzi taarifa za mechi na hotuba za wageni wa heshima wazifasiri. Kwa nini tusiwape pia fomu ya hospitali, hati ya mkopo, karatasi iliyomo ndani ya kiboksi cha dawa? Nanyi wanafunzi mnaosomea udaktari na uuguzi, jifunzeni kuyasema matatizo ya kazi yenu kwa lugha ambayo mama zenu wataielewa. Siku moja mtaketi mbele ya mtu kama wifi yangu, ameshika kalamu, anawaamini.

Penye urembo ndipo penye urimbo, walisema wazee wetu, nao hawakukataza urembo. Walimtaka ndege autazame mti vizuri kabla ya kutua.